Mama Alipoenda Kupumzika

Majuzi binti yangu alirudi kutoka safari ya shule iliyowapeleka ziwani, na kwa uvivu wa watoto wa umri wake akaliacha vazi lake la kuogelea likiwa bado bichi, limeviringishwa ndani ya taulo chini kabisa ya begi. Nilipokuja kulifungua begi hilo ili nifue, harufu ikanijaa puani. Mtu mwingine angesema ni uvundo tu. Mimi niliketi sakafuni bafuni, taulo mapajani, nikavuta pumzi. Tope la ziwa, majani yaliyolala majini, samaki kwa mbali, na jua. Huku Thika ninakoishi siku hizi hakuna kitu kinachonukia hivyo. Binti yangu alipita mlangoni akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, ninamkumbuka nyanya yako.

Tulikuwa tunakaa Manyatta, pale Kisumu, kwenye nyumba ya mabati. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mama alikuwa akishona nguo barazani. Mwaka ule mama alianza kukohoa. Mwanzoni ilikuwa usiku tu, halafu ikawa hata mchana akiwa kwenye cherehani, mpaka wateja waliozoea kukaa na kupiga soga wakaanza kuacha vitambaa vyao na kwenda zao haraka. Nilimwona akikonda lakini sikujua kuwa kule ndiko kukonda. Nilidhani magauni yake ndiyo yalikuwa yanakua.

Shule zilipofungwa, siku moja nilitumwa chumvi, na niliporudi nikakuta kitanda cha mama kimetandikwa na viatu vyake havipo mlangoni. Baba alikuwa akikunja nguo zangu, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya, na alizikunja vibaya.

"Mama ameenda kupumzika kidogo," akasema. "Na wewe unaenda kwa Waya."

"Kupumzika wapi?"

"Kupumzika tu. Wewe leta sweta yako."

Waya ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Waya Risper alikuwa na mabanda machache ya wageni ufuoni, upande unaotazamana na kisiwa cha Ndere. Yalikuwa mabanda ya udongo yaliyoezekwa kwa nyasi, kila moja likiwa na kitanda, chandarua na dirisha linaloangalia maji. Mbele yake palikuwa na mchanga mwembamba, kisha mafunjo yaliyosimama kwa wingi kama watu waliokuja kusikiliza habari, kisha ziwa. Mwisho wa ziwa, au hivyo nilivyofikiri mimi, palikuwa na Ndere yenyewe: kilima kimoja kilichoketi majini, asubuhi kijani, jioni rangi ya zambarau iliyoiva.

Mimi mtoto wa Kisumu nilikuwa nimeliona ziwa siku zote, lakini kama mtu anavyouona ukuta wa jirani. Pale kwa Waya ndipo nilipojifunza kwamba kuna watu wanaofunga safari kutoka mbali ili walitazame tu. Walikuja kutoka Eldoret, Nairobi, Kericho. Waliketi kwenye viti vya Waya, mikono mapajani, wakitazama maji yale yale tuliyofulia nguo. Furukombe, yule tai wa kichwa cheupe, alipoinama na kunyakua samaki, walishangilia kama watu walio uwanjani. Kiboko alipokoroma ndani ya mafunjo waliinua miguu, ingawa walikuwa nchi kavu.

"Wanafanya nini hawa?" nilimuuliza Waya.

"Wamekuja kupumzika. Usiende kuwasumbua na maswali."

Nakumbuka vizuri furaha iliyonijaa aliposema hivyo. Mama ameenda kupumzika. Watu wanaotaka kupumzika wanakuja kwa Waya. Basi mama yuko njiani! Nilimuuliza Waya ni banda gani litakuwa la mama, naye akacheka, akanifuta makombo mdomoni, akasema, "Akija tutampatia ile nzuri." Hakujua amenipa ahadi. Tangu siku ile kila gari lililoteremka ile njia ya vumbi nililikimbilia.

Mama hakushuka kwenye gari hata moja, lakini sikuhuzunika sana, maana nilikuwa na kazi. Nilikuwa nikimkusanyia vitu. Unyoya wa mdiria wenye mabaka meusi na meupe. Magamba ya konokono. Jiwe lililozungukwa na mstari mweupe, na kipande cha chupa ya kijani kilichosuguliwa na mawimbi mpaka kikawa laini kama peremende iliyolambwa. Nilivihifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda. Na Waya alikuwa ameniahidi jambo jingine. Bwana Ouko, mwenye boti iliyokuwa ikivusha wageni kwenda Ndere kuona swala na punda milia, alitaka kunichukua siku moja boti ilipokuwa na nafasi. Waya akakataa. "Huyu ataenda na mama yake," akasema. Basi nami nikakiacha kisiwa kingoje.

Katikati ya likizo ile akaja Mama Wambui. Aliendesha mwenyewe gari dogo kuukuu la rangi ya maziwa, kutoka Nyeri, peke yake. Alikuwa amestaafu kazi ya posta, na watoto wake, alivyotuambia, walidhani amerukwa na akili. "Nimepanga barua za watu zikienda kila mahali maisha yangu yote," akasema. "Sasa mimi pia nimejituma." Hata kabla ya kuonyeshwa banda lake aliteremka mpaka kwenye maji, akainama akiwa na viatu vyake, akachota kwa kiganja na kuonja.

"Wacha! Haina chumvi!"

"Mama, hiyo si bahari," Bwana Ouko akamwambia kutoka kwenye boti.

"Najua si bahari. Lakini yote hii? Yote?" Akasimama pale akitikisa kichwa mbele ya maji yale, kama mtu aliyepewa zawadi kubwa mno na hajui aiweke wapi. Nilimpenda papo hapo.

Jumapili iliyofuata kanisani, mchungaji alitangaza kwamba mzee mmoja wa pale kijijini amepumzika. Nikageuka kumtafuta mzee huyo kwenye viti, nisimwone. Nikamnong'oneza Waya, "Amepumzika wapi?"

"Amekufa, Akinyi. Nyamaza."

Siku ya mazishi tulienda. Sanduku lilikuwa na kioo kidogo juu, na mtu mmoja akaniinua ili nami nione. Wanawake waliokuwa kando yangu walikuwa wakisema, "Angalia vile uso umetulia. Amepumzika kweli." Nilitazama uso ule. Hata hapo sikuunganisha lolote. Watoto hawafiki kwenye mambo kwa haraka.

Aliyeniunganishia ni Bwana Ouko. Alikuwa ameenda mjini kununua kifaa cha injini, na jioni aliporudi alipita jikoni ambako Waya alikuwa akiparua samaki aina ya ngege. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikichambua mchele kwenye uteo.

"Nimepitia kwa mama ya Akinyi," akasema.

Waya akaacha kisu. "Ehe? Ako aje?"

"Amepumzika. Hata uso umetulia."

"Bwana asifiwe," akasema Waya, akashusha pumzi ndefu. "Bwana asifiwe kabisa."

Nilitazama mchele. Nakumbuka kwamba niliendelea kutoa vijiwe, kimoja baada ya kingine, nikiviweka sakafuni kwa mpangilio mzuri, kwa sababu sikujua mtu hufanya nini. Kilichonitisha zaidi ya yote ni Waya kumshukuru Mungu. Basi nikaona ni jambo ambalo watu wazima wamelikubali, tena limewapendeza, na mimi nikilia nitakuwa nimewaharibia. Siku hiyo nilikula samaki wangu wote ili mtu yeyote asiniulize kitu.

Sijui nilikaa na jambo lile kwa muda gani. Kwa kipimo cha mtoto ilikuwa mwaka mzima. Labda ilikuwa siku mbili tu. Niliacha kukimbilia magari. Niliacha kuingia majini, kwa kuwa kule msibani nilikuwa nimeona watoto wa marehemu hawachezi. Waya akanigusa paji la uso akidhani nina malaria, akaninywesha dawa chungu, nami nikainywa bila ubishi, jambo lililomtia wasiwasi kuliko homa yenyewe.

Asubuhi moja nikautoa mkebe wangu chini ya kitanda. Nikaenda mahali mchanga unapokutana na mafunjo, nikachimba kwa kijiko. Nilikuwa nimefika kwenye mchanga wenye maji niliposikia mtu akija nyuma yangu. Alikuwa Mama Wambui, ameshika viatu mkononi.

"Unapanda nini, mrembo?"

"Sipandi. Nazika."

Akacheka kidogo, kisha akaniona uso, akaacha. "Unazika nini?"

"Vitu vya mama."

"Na mama ako wapi?"

"Amepumzika," nikasema. Na baada ya kulisema neno lile kwa sauti, nikaanza kulia.

"Ngai, Mungu wangu," akasema polepole. Aliketi pale pale kwenye mchanga mbichi na gauni lake zuri la safari. Hakuniambia nisilie. Aliniuliza mama alikuwa anaitwaje, alipenda kula nini, alishona nguo gani. Tukaushusha mkebe shimoni, tukaufunika, naye akaomba kwa Kikuyu sala ndefu ambayo sikuielewa hata neno moja, isipokuwa jina la mama, ambalo lilijitokeza mara kwa mara kama kichwa cha mtu anayeogelea. Ni mazishi mazuri kuliko yote niliyowahi kuhudhuria.

Kisha akajipangusa mchanga, akanishika mkono, tukapanda mpaka jikoni. Waya alikuwa ameinua sufuria ya uji.

"Mama," akasema Mama Wambui kwa unyenyekevu, "pole sana. Pole mno. Nimekaa hapa nikila na kucheka, kumbe mko na msiba. Wifi yako Mungu amlaze pema."

Sufuria ikaanguka. Uji ukatapakaa mpaka mlangoni.

"Uwi! Nani? Nani amekuambia?" Waya alishika kichwa kwa mikono miwili. Mama Wambui alikuwa na simu ya mkononi, kitu ambacho kwetu kilikuwa bado kigeni, na Waya alidhani habari zimeingia kwa simu ile. "Amekufa saa ngapi? Ndugu yangu anajua? Uwi, mama ya Akinyi!"

Alilia kwa sauti ya juu kiasi kwamba Bwana Ouko akaja mbio kutoka ufuoni na wageni wakatoka mabandani wakiwa na miswaki midomoni. Mimi niliduwaa. Kwani Waya hakuwa akijua? Si yeye aliyemshukuru Mungu?

"Mimi sijapigiwa na mtu," Mama Wambui alikuwa akisema, amechanganyikiwa. "Ni huyu mtoto ameniambia."

Wote wakanigeukia. Waya akapiga magoti ndani ya uji, akanishika mabega.

"Akinyi. Nyathina, mtoto wangu. Nani alikuambia mama amekufa?"

"Bwana Ouko," nikasema.

"Mimi?" akasema Bwana Ouko.

"Ulisema amepumzika. Ukasema uso umetulia. Na Waya akasema Bwana asifiwe."

Kisha Bwana Ouko akavua kofia yake, mtu mzima yule, akafunika uso nayo. "Nilisema amepumzika," akasema ndani ya kofia. "Kikohozi kimempumzisha. Amelala vizuri. Woi, mtoto wa watu!"

Waya alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, ananikumbatia, ananitikisa, ananikumbatia tena. Aliniambia mambo yote ambayo mtu fulani angepaswa kuniambia tangu mwanzo: kwamba mama ana ugonjwa wa kifua, kwamba yuko hospitali mjini, kwamba dawa ni za muda mrefu lakini zinafanya kazi, kwamba walininyamazia ili nisiogope. Nilimsikiliza, lakini sikumwamini. Nilikuwa nimeshaona kwamba maneno ya watu wazima yana mlango wa mbele na mlango wa nyuma.

Mama Wambui ndiye aliyelitambua hilo. "Huyu hataki kuambiwa," akasema. "Anataka kuona. Viatu vyangu viko wapi? Twendeni."

"Lakini leo ndiyo siku yako ya kwenda Ndere," Bwana Ouko akamkumbusha.

"Kisiwa kitaogelea kiende wapi?"

Tukaenda na gari lile dogo, Waya mbele na uji umekauka magotini, mimi nyuma na mkebe wangu, maana nilikataa kuondoka kabla haujafukuliwa. Hospitalini muuguzi akasema watoto hawaingii wodi ile. Mama Wambui hakubishana naye. Alimuuliza tu, kwa upole, kama kuna sheria inayomzuia mgonjwa kutoka. Muuguzi akatutazama sote watatu, akatuelekeza kwenye ukuta mfupi ulio mbele ya veranda, akaingia ndani.

Nilisimama pale nimeshika ukuta. Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamke mwembamba aliyevaa gauni la hospitali na leso ya mama yangu mabegani. Kwa kitambo kidogo nilidhani amemwibia mama. Kisha akainua mkono kukinga jua, akaangaza macho, akaniona.

"Akinyi! Mbona umenenepa hivi? Waya anakupatia nini?"

Ilikuwa sauti yake. Nilipiga kelele ambayo Waya alisema baadaye iliwaamsha wagonjwa wa wodi ya pili.

"Unalia nini sasa?" mama akaniuliza kwa mbali.

"Walisema umepumzika!"

"Nani? Mimi?" Akashika kiuno kama alivyozoea kumfanyia mteja msumbufu. "Tangu nifike hapa sijapumzika hata siku moja! Wanatuamsha alfajiri watupatie dawa, tukilala wanatuamsha tupimwe, tukilala tena ni chai! Kupumzika gani?"

Muuguzi alicheka. Mama Wambui alicheka mpaka akajishika ukutani. Mimi nikafungua mkebe, nikaanza kuinua vitu kimoja kimoja juu ya kichwa ili mama avione, jiwe, unyoya, kioo cha kijani, na kwa kila kimoja mama alitikisa kichwa kwa heshima kubwa, ingawa najua leo kwamba kutoka pale alipokuwa hakuweza kuona chochote zaidi ya mkono wangu.

Mama alitoka hospitali na kuendelea na dawa nyumbani mpaka zikaisha. Likizo ya Desemba Waya alimpa lile banda zuri. Bwana Ouko alituvusha kwenda Ndere akiwa ametandika godoro ndani ya boti, jambo lililomwaibisha mama sana. Tulipokaribia, swala walikuwa wamesimama ufuoni wakinywa maji, na mmoja akainua kichwa akatutazama huku maji yakimdondoka kidevuni. Kuna njia inayopanda kilima cha kisiwa kile katikati ya majani marefu. Mama alifika nusu, akaketi kwenye jiwe, jasho likimtoka.

"Nenda na Waya," akaniambia. "Uangalie vizuri, uje uniambie."

Nikapanda, nikaangalia, nikashuka nikamwambia. Nilimwambia kuna ndege weupe wengi kuliko watu wa Kisumu, na kwamba ziwa halina mwisho, na kwamba nilimwona simba. Hakuna simba Ndere. Mama alisikiliza yote na kuuliza simba alikuwa na rangi gani.

Mwaka uliofuata Mama Wambui alirudi na gari lake la rangi ya maziwa, kumalizia, alivyosema, likizo tuliyomkatizia katikati. Tulivuka sote. Safari hii mama hakuketi kwenye jiwe. Walipanda pamoja, yeye na Mama Wambui, mmoja akisumbuliwa na kifua, mwingine na magoti. Kila walipohitaji kuvuta pumzi kila mmoja alijifanya anamngojea mwenzake, nami nilikuwa mbele yao nikirudi nyuma kila mara kuhakikisha bado wanakuja. Walikuwa wakizungumza habari za nguo. Mama alikuwa akimweleza namna ya kukata kola isijikunje.

Kileleni upepo ulikuwa mwingi. Ziwa lilikuwa limetandazwa pande zote, na ufuo wa kwetu ulikuwa uzi mwembamba wa mchanga na mafunjo. Mama alisimama akiishika leso isipeperuke, akageuka polepole mpaka akaelekea upande wa Kisumu. Mji ulikuwa moshi kidogo tu na mng'ao wa mabati.

"Bwana Ouko," akaita, "hospitali iko wapi kutoka hapa?"

Bwana Ouko akanyoosha mkono, akausogeza kushoto, akausogeza kulia, akafinya macho. "Iko huko," akasema. "Lakini kutoka hapa haionekani."

Mama alitazama kwa muda, ili ahakikishe.

"Vizuri," akasema, akaketi kwenye majani na kufungua kikapu. "Sasa tukule."